Gia Ndogo ya Kwenda Mwika

Eliufoo alikuwa amechuchumaa kwenye baraza la duka la vitambaa, pale Majengo, anaangalia vyuma viwili vilivyolazwa juu ya gunia. Jinsi alivyokuwa akiviangalia, ungedhani kimoja kitamuuma.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, alitakiwa awe Mwika kwa baba mkwe wake, na madebe mawili ya mbege, ile pombe ya ndizi, akamwombe mke wake arudi. Asipofika, basi, Elinipendo hana mume tena. Mzee Yoramu alisema hivyo mbele ya watu, na Mzee Yoramu hakuwa mtu wa kusema kitu mara mbili.

Vile vyuma vilikuwa gia za mbele za baiskeli, yale masahani yenye meno yanayovuta mnyororo ukikanyaga pedali. Ya kwake Eliufoo ilikwisha. Meno yamelika, yamechongoka, mnyororo unaruka kila akikanyaga kwa nguvu. Salehe fundi aligonga pini kwa nyundo akaitoa, pamoja na kono lake la pedali maana vimeungana, akaitupa kwenye kopo la takataka, halafu akamletea hizi mbili achague.

"Hii kubwa ilikuwa kwenye baiskeli ya askari," Salehe akasema. "Meno arobaini na nane. Hii ndogo ya yule sista mzungu wa hospitali, thelathini na sita. Kubwa ukizungusha pedali mara moja unakwenda mbali, lakini inataka miguu. Ndogo haidai miguu, ila utazungusha mpaka uchukie kuzungusha."

"Na kwenye kupanda?"

"Kwenye kupanda ni ndogo, hilo halina ubishi. Lakini wewe huendi kupanda tu, bwana. Unateremka kwanza na pombe kutoka Kidia kwa mama yako. Halafu tambarare yote mpaka Himo. Ndiyo uanze kupanda. Na friwili yako imekufa."

Hapo ndipo penye kazi. Friwili ni kile kidude cha gurudumu la nyuma kinachokuacha upumzishe miguu baiskeli ikiteremka yenyewe. Ya Eliufoo ilikufa tangu masika, na nyingine haikuwepo Moshi nzima. Mhindi wa vipuri kila wiki alikuwa anasema meli imeshaingia Mombasa. Salehe akaona isiwe tabu, akaichomelea ikawa kitu kimoja na gurudumu. Tangu siku hiyo gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka, utake usitake. Breki ya nyuma ilikatika zamani. Ya mbele ilibaki jina.

"Sasa nisikilize," Salehe akasema, akaishika ile ndogo. "Na hii, mteremkoni, mwanzo utaona unaizuia kwa miguu, rahisi kabisa, utacheka peke yako. Halafu ikikuzidi kidogo tu, pedali zitazunguka kuliko miguu yako inavyoweza. Zitakurusha. Zikisharusha miguu, huzipati tena."

"Na kubwa?"

"Kubwa huizuii hata mwanzo. Kwa hiyo utashuka utembee, kama mtu mwenye akili. Tambarare utaruka. Ukifika Himo unasukuma mpaka Mwika. Chukua kubwa."

"Chukua kubwa," Thadeus naye akasema. Huyu Thadeus walikuwa wanapeleka mikate pamoja kwenye nyumba za Wazungu, kila mtu na baiskeli yake. "Ile nyingine ya sista. Ukiifunga ile inabidi uvae na kitambaa cheupe kichwani."

"Nyamaza, Thadeus."

"Nanyamaza. Lakini ukienda Mwika na gia ya sista, watakuletea wagonjwa."

Watu waliokuwa barazani wakacheka. Eliufoo hakucheka. Katika maneno yote ya Salehe, lililomkaa kichwani lilikuwa moja tu. Unasukuma.

Maana alishasukuma. Mara ya mwisho alipokwenda Mwika, kabla mambo hayajaharibika, alifika kwa wakwe anasukuma baiskeli, jasho linamtoka, mabega yamelegea. Mzee Yoramu alikuwa amekaa na wenzake nje. Akamtazama mkwe wake mpaka akamaliza kupanda ile njia, halafu akawaambia wenzake, "Mnamwona huyu? Ana mbuzi wa chuma. Kila mahali anatembea naye, hampandi wala hamchinji." Wazee wakacheka mpaka wakafuta machozi. Tangu siku ile Mwika nzima wakimwona Elinipendo walimwuliza habari za mbuzi. Hata shemeji zake wadogo walimwita hivyo, Mwenye Mbuzi.

Na mtu ambaye hana kitu, jina kama hilo linamwingia mpaka mfupani. Eliufoo hakuwa na kitu. Baba yake alipokufa, kihamba, lile shamba la ukoo, kiligawanywa kama kinavyogawanywa kwa Wachagga wote. Kaka yake Ebenezeri, mtoto wa kwanza, alipata shamba la juu lenye kahawa. Yule mdogo wa mwisho alibaki na nyumba, na migomba yake, na mama. Eliufoo alikuwa wa katikati. Wa katikati hupewa neno la kumtia moyo na njia ya kuteremkia mjini. Akateremka, akapanga chumba Majengo, akapata kazi ya mikate, akaoa.

Elinipendo alivumilia kile chumba miaka mitatu. Hakuwa mwanamke wa kelele. Alichokuwa anasema kilikuwa kimoja. Kule Kidia, kwenye shamba la Ebenezeri, kuna kipande pembeni ya korongo hakilimwi, kimejaa magugu. Mwombe kaka yako. Naye Eliufoo anajibu, nitamwambia. Anapanda Kidia, anakaa na kaka yake, wanazungumza habari za mvua, anateremka hajasema. Priska akazaliwa, akaanza kukaa, hajasema. Siku moja Elinipendo alimfunga mtoto mgongoni, akamwambia, "Mimi siwezi kuzeeka nikinunua ndizi sokoni kama mtu asiye na kwao," akapanda lori la Himo.

Sasa alikuwa na miezi mitano kule kwao.

"Funga ndogo," Eliufoo akasema.

Salehe akamtazama. "Nimekueleza."

"Umenieleza, nimesikia. Funga ndogo."

"Wewe unataka kufika ukiwa umekaa juu."

Salehe akachukua nyundo, akafunga ile gia ya sista, akatoa pingili kadhaa za mnyororo ili usining'inie, akazungusha pedali. Gurudumu likazunguka kimya kimya, laini. Thadeus akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti nyembamba ya kike. Safari hii hata Salehe alicheka.

Ijumaa jioni Eliufoo alipanda Kidia, na kama kuna kitu kilichomponza, ni jioni ile. Ile gia ilikuwa tamu. Kutoka Kiboriloni barabara inaanza kusimama, na kila mtu mwenye baiskeli hushuka pale pale bila kufikiri, kama anavyovua kofia akiingia kanisani. Eliufoo hakushuka. Alikaa juu ya kiti, anazungusha, anazungusha, baiskeli inapanda pole pole kama jongoo. Akawapita wanaume watatu wanaosukuma. Mmoja akamwuliza, "Ndugu, umekula nini?" Akawapita wanawake wenye majani ya ng'ombe vichwani. Kwa mara ya kwanza tangu mke wake aondoke alijisikia mtu. Akajiona anaingia uwanja wa Mzee Yoramu vile vile, wima, anagonga kengele, madebe yamekaa pande mbili, na wale wazee wanakosa la kusema.

Mama yake alikuwa ameshamaliza kazi. Ndizi zilichemshwa, zikalala siku zake, zikachujwa, na asubuhi ile zilitiwa kimea cha ulezi. Mbege ina siku yake. Ukiiwahi ni uji mtamu, ukiichelewa ni siki. Hii ingeiva Jumamosi mchana, mama aliipigia hesabu hivyo hivyo.

"Kwa nini hukuipikia huko huko Mwika?" mdogo wake akauliza, anaonja kwa kata.

"Pombe ya kumrudisha mke inatoka kwao mume," mama akasema. "Utaoa lini wewe ujue? Debe moja la baba wa binti, jingine la wajomba zake. Na hili." Akamwonyesha Eliufoo jani la sale, refu, bichi, alilolifunga fundo. "Hili unalitoa kwanza, kabla hujafungua mdomo. Ukimpa mtu sale hawezi kukufukuza. Lakini sale haliwezi kumrudisha mke. Pombe ndiyo inayomrudisha."

Ebenezeri alikuja kusalimia. Alikaa karibu na moto, akauliza habari za mjini, akasema mvua mwaka huu si mbaya. Eliufoo akasema ni kweli, si mbaya. Mama alikuwa anamtazama Eliufoo kwa upande. Eliufoo akazungumza habari za baiskeli.

Asubuhi alfajiri wakafunga madebe. Moja kushoto, moja kulia, yamening'inizwa kwenye karia kwa kamba ya katani, yamezibwa kwa majani ya mgomba lakini si sana, maana mbege inapumua, ukiiziba sana inapasua. Mama akamwambia, "Tembea nayo mpaka Kiboriloni. Usipande hapa."

"Ndiyo, mama."

Na alitembea. Alitembea mpaka kona ya kwanza, ambapo mama haoni. Mzigo ulikuwa unamvuta, anajitahidi kuushika kwa nyuma, viatu vinateleza kwenye udongo mwekundu wenye umande. Akafikiri, kwa mwendo huu nitafika Kiboriloni jua limeshatoka kabisa, na Mwika nitafika saa ngapi? Akapanda. Akaweka miguu kwenye pedali, akaisukuma kinyume, na baiskeli ikatii. Ilitii kabisa. Ikawa inateremka taratibu kama ng'ombe mzee, na Eliufoo akacheka peke yake. Halafu akakumbuka kwamba Salehe alimwambia atacheka, akaacha.

Chini ya shule pana mahali barabara inainama zaidi kabla ya daraja. Hapo pedali zilianza kuharakisha. Akakaza miguu. Zikaharakisha tena. Magoti yakawa yanapanda na kushuka mbio kama ya mtu anayekimbia mahali pamoja, na nyuma yake madebe yakaanza kuyumba. Akavuta breki ya mbele, ikalia, haikushika. Mguu wa kulia ukaruka. Akaitafuta pedali, pedali ikampiga kwenye muundi, na mguu wa kushoto nao ukaruka. Sasa alikuwa amekaa juu ya kitu kinachokwenda, miguu imetanuka hewani, pedali zinazunguka zenyewe chini kama mashine, na daraja linakuja.

Aliipeleka kwenye ukingo wa udongo. Hakuwa na mahali pengine.

Aliponyanyuka, kitu cha kwanza alichosikia ni mlio wa kumiminika. Debe la kulia lilikuwa limepasuka kuanzia juu mpaka chini, na mbege ilikuwa inakwenda barabarani, na povu lake, na ulezi wake, inateremka kuelekea darajani kama vile nayo ina safari. Alipiga magoti akajaribu kuikinga kwa mikono. Mtu mzima, suruali ya khaki, anakinga pombe barabarani kwa viganja. Akaona matope yanachanganyika nayo, akaacha. Akakaa tu pale chini. Muundi ulikuwa unatoka damu. Hakuusikia.

Debe la wajomba limekwenda. Kurudi kwa mama haiwezekani. Mbege iliyobaki kule ilikuwa ya kuonja tu, na nyingine inataka wiki nzima. Na saa sita ni saa sita, maana wazee wa ukoo wa Mzee Yoramu mchana ule walikuwa na zamu ya maji kwenye mfongo, ule mfereji wao unaotoka juu msituni. Zamu ya maji haimsubiri mtu. Maji yakifunguliwa kila mwenye shamba anakimbilia kwake, mkutano umekwisha.

Aliinyoosha baiskeli. Usukani ulikuwa umekwenda upande, akaurudisha kwa goti. Akafunga debe lililobaki. Alipojaribu kupanda, baiskeli ikaanguka kushoto. Akajaribu tena, ikaanguka tena. Mzigo wa upande mmoja haukai, na debe refu kama lile haliwezi kukaa katikati ya karia nyembamba. Basi akafanya alichoweza. Aliokota mawe pale darajani, akayafunga kwenye gunia lililokuwa limefunika madebe, akalining'iniza upande wa kulia mpaka baiskeli ikasimama sawa. Halafu akatembea mpaka Kiboriloni, amekaza meno, anashika mawe na pombe visimkimbie.

Tambarare ndiyo ilimmaliza. Barabara ya Himo imenyooka, ina vumbi, na mtu mwenye gia kubwa angeinama na kuila. Eliufoo alizungusha. Alizungusha kama mtu anayekimbizwa na nyuki, magoti hayaonekani kwa kasi, na baiskeli ilikwenda mwendo wa mtu anayekwenda gulioni akiwa na siku nzima. Askari mmoja akampita, anakanyaga kwa raha, pedali ikizunguka mara moja tu yuko mbali, akageuka akamtazama miguu yake na kutikisa kichwa. Jua lilipanda. Debe likaanza kuongea, kwanza kidogo, halafu zaidi, povu likasukuma majani ya mgomba, likatiririka kwenye spoki. Eliufoo alisimama Uchira chini ya kibanda cha nyasi akalifunika kwa shati lake lililoloweshwa maji. Akaendelea na fulana. Akawa anaomba, na hakuwa mtu wa kuomba sana. Hakuomba mke arudi. Aliomba lile jua lisimame kidogo tu.

Halikusimama. Alipofika Himo lilikuwa utosini.

Kupanda alipanda. Hilo lazima lisemwe. Kutoka Himo mpaka Marangu, na kutoka Marangu kwenda Mwika, hakushuka hata mara moja. Gia ya sista ilifanya kazi yake. Ikampandisha na debe lake na mawe yake, kona kwa kona, hewa ikapoa, migomba ikaanza, wanawake wakasimama njiani kumtazama. Mapaja yalikuwa yanawaka. Akavaa shati bichi. Akaingia uwanja wa Mzee Yoramu amekaa juu ya kiti, wima, akagonga kengele.

Uwanja ulikuwa mtupu. Vigoda vilikuwa vimeachwa vimezunguka mahali ambapo watu walikaa. Kuku mmoja alikuwa anadonoa katikati. Mbali kidogo, huko kwenye migomba, alisikia sauti za wanaume wanaitana na maji yanayokimbia.

Mzee Yoramu akatoka nyuma ya nyumba na jembe begani, suruali imekunjwa. Nyuma yake alikuwa Mzee Ndesario, mjomba wa Elinipendo, aliyetoka kijiji kingine na kwa hiyo hakuwa na shamba la kunyweshea pale. Ndiyo maana alibaki.

"Shikamoo baba. Shikamoo mjomba."

"Marahaba," Mzee Yoramu akasema. Akaitazama baiskeli. "Leo umempanda."

Eliufoo akatoa jani la sale mfukoni. Lilikuwa limenyauka na limepinda, lakini fundo lilikuwepo. Akalitoa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Mzee Yoramu akaweka jembe chini. Akalipokea. Eliufoo akaona uso wa yule mzee umelegea kidogo, akapata tumaini, akajichukia kwa kulipata.

Mzee Ndesario alikuwa anazunguka baiskeli. Aligonga debe kwa kidole. Akaenda upande wa pili, akabonyeza gunia. Akalibonyeza tena.

"Hili ndilo la wajomba?"

"Mjomba, nilianguka Kidia. Debe moja limepasuka."

"Kwa hiyo humu mna nini?"

"Mawe."

"Mawe," Mzee Ndesario akasema. Akamgeukia shemeji yake. "Wewe umeletewa pombe. Mimi nimeletewa mawe."

"Ni ya kuweka usawa, mjomba, baiskeli ilikuwa—"

"Nimesikia. Mimi nilitoka kwangu tangu asubuhi, nimekaa hapa kwenye kigoda na watu wazima saba, tunatazama njia. Mpwa wangu ndani amevaa nguo yake ya kanisani. Jua limepanda, wenzangu mmoja mmoja wanaondoka, wananiaga, wananiangalia hivi. Halafu unakuja na mawe." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Mzee Yoramu akazibua debe, akachota kwa kibuyu kidogo, akaonja. Akampa shemeji yake. Mzee Ndesario akaonja, akamwaga kilichobaki chini, pembeni, kwa adabu.

"Imepita," akasema.

"Jua la huko chini," Eliufoo akasema.

"Imepita."

Mzee Yoramu akalikunja lile jani la sale akaliweka mfukoni. "Sale nimelipokea. Sina ugomvi na wewe, na mtu asiseme nilikufukuza. Lakini pombe haijafika, na wenye kuinywa wameondoka. Mimi siwezi kumtoa mtoto wangu kwa debe moja la siki, mjomba wake akiwa amesimama hapa. Nenda salama. Maji yangu yanapita." Akachukua jembe, akaenda.

Eliufoo alitazama mlango wa nyumba. Ulikuwa umefungwa nusu. Hakuona mtu.

Akafungua kamba, akashusha debe, akashusha gunia la mawe akaliacha pale pale. Akageuza baiskeli. Na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hawezi hata kuondoka upesi. Mteremko wote ule mpaka Himo, hakuna breki, hakuna friwili, na gia ya sista. Ilibidi atembee.

Kama hujawahi kumwona mtu anasukuma baiskeli mteremkoni, wale watu wa Mwika nao hawakuwahi. Mtu anasukuma akipanda, hilo linaeleweka. Akiteremka anapanda, anaachia, anakwenda kama ndege, ndiyo faida ya kuwa na baiskeli. Huyu alikuwa anateremka kwa miguu, ameishika kwa nyuma kama anayezuia fahali, anachechemea. Wanawake waliomwona akipanda waliacha majembe. "Anaishusha pole pole isiumie," mmoja akasema. "Labda imechoka," mwingine akajibu. "Labda ina mimba." Kicheko kikamfuata kutoka shamba hadi shamba. Eliufoo hakugeuka. Alikuwa ameshafika mahali ambapo jina jipya haliongezi kitu. Aliwaza kile chumba Majengo, kitanda, ndoo, kigodoro kidogo cha Priska kilichokunjwa juu ya sanduku. Aliwaza kwamba kesho ni Jumapili na hakuna mikate, na hakujua atafanya nini na Jumapili nzima. Akafikiri, nikiipanda hii baiskeli sasa hivi, nikaiachia, itakwenda itakakokwenda. Akalifikiri kwa utulivu kabisa, kama mtu anayefikiria kununua chumvi. Mguu wake ukawa umeshaanza kutafuta pedali.

"Unakwenda wapi na mguu huo?"

Elinipendo alikuwa nyuma yake, anahema. Nguo ya kanisani, kitambaa kimelegea kichwani, Priska mgongoni amelala, na mkononi kifurushi kilichofungwa kwa kanga.

Eliufoo akarudisha mguu chini.

"Nilidhani umeshafika Himo," Elinipendo akasema. "Nimekaa nafunga mtoto huku nalia, nasema huyu ameshateremka, simpati tena. Natoka naambiwa bado yuko pale chini, anasukuma. Nikasema hapana, anasukuma vipi akiteremka?"

"Gia ndogo. Haiteremki."

"Kwa nini ukafunga gia ndogo?"

Angeweza kusema mengi. Fundi hakuwa na nyingine. Kubwa ilikuwa mbovu. "Nilitaka nifike nimekaa juu," akasema. "Mbele ya baba yako. Na wale wazee."

Elinipendo akamweka mtoto sawa mgongoni. "Ungekuja unasukuma saa nne, madebe mawili, ningekuwa nimetoka na wewe mbele ya watu wote. Nilivaa tangu alfajiri. Wangekucheka. Halafu?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Eliufoo na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshika baiskeli, na akiachia itakimbia.

"Baba yako anajua?"

"Mama anajua. Baba yuko kwenye maji, atajua jioni. Atakuja juu sana." Akakifunga kifurushi kwenye karia. "Mimi sirudi Majengo. Usije ukafikiri hivyo. Nakwenda Kidia kwa mama yako. Nitakaa pale mpaka useme na Ebenezeri habari za kile kipande. Pombe ya baba nitaipika mimi mwenyewe na mama yako, najua si desturi, waniseme wakitaka. Lakini kesho, kabla hujashuka mjini, unakwenda kwa kaka yako, unasema."

"Kesho ni Jumapili."

"Kwa hiyo yupo nyumbani."

Eliufoo akakaza mikono kwenye usukani. "Na akikataa?"

"Akikataa tutajua amekataa. Mimi miaka mitatu sijui hata hilo."

Wakateremka pamoja, yeye ameshika usukani, mke wake ameshika karia kwa nyuma kuizuia. Mahali penye utelezi Elinipendo alikuwa anasema, "Shika," naye anashika. Jua lilikuwa limelala upande walipofika Himo, na barabara ya kwenda Kiboriloni ilikuwa imenyooka mbele yao, hakuna lori.

"Panda," Eliufoo akasema.

Akakaa kwenye karia, mtoto mgongoni, kifurushi mapajani. Eliufoo akaanza kuzungusha. Priska akaamka, akatoa kichwa, akayatazama magoti ya baba yake yanavyokwenda mbio.

"Hatuendi?" Elinipendo akauliza baada ya kitambo.

"Tunakwenda."

"Ule mti tumeuacha sasa hivi, bado nauona."

"Tunakwenda," Eliufoo akasema, akazidi kuzungusha, na kichwani alikuwa anajaribu namna ya kuanza. Kaka, nimekuja. Kaka, kile kipande cha korongoni. Kila alipofika hapo maneno yalimkwama, akaanza upya.